Maziwa Yasiyonyweka

Fundi wa baiskeli pale Mto wa Mbu hakuniuliza ninakwenda wapi. Aliniuliza nimebeba maji kiasi gani. Nilimwonyesha chupa zangu mbili za lita moja na nusu. Akacheka kidogo, akasema, "Mzee, huko ziwa lipo, lakini hutalinywa." Akaingia nyuma ya kibanda chake, akatoka na dumu la lita tano lililokuwa na mafuta ya kula zamani, akalisuuza, akalijaza, akalifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Nilipotoa fedha alikataa.

Ilikuwa Agosti 2012, kiangazi kimekolea. Nilikuwa nimekusudia kusafiri peke yangu kwa baiskeli kutoka ufuko wa Ziwa Manyara, kupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu, kisha kuteremka upande wa pili hadi Ziwa Eyasi na kuufuata ufuko wake kadiri njia itakavyoniruhusu. Baiskeli yenyewe ilikuwa Phoenix ya Kichina, ile nyeusi, nzito, isiyo na gia, ambayo wengi wetu tulijifunzia kwa kuingiza mguu katikati ya mtalimbo kabla hatujafikia kiti. Vijana wawili watatu niliokutana nao njiani walinionea huruma waziwazi.

Nilifundisha historia kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote nilichora ubaoni ramani ya kaskazini ya nchi yetu yenye madoa matatu ya bluu: Natron, Manyara, Eyasi. Nilipaka bluu kwa sababu ndiyo rangi ya maji. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba maji hayo ni ya magadi na chumvi, wala sikuwahi kujiuliza watu wa kando yake walikunywa nini. Mtu apitaye hapo ndani ya gari hana haja ya kujiuliza. Apitaye kwa baiskeli, mwenye dumu moja nyuma yake, hawazi jambo jingine.

Siku ya kwanza nilizunguka upande wa kaskazini wa Manyara, nje ya mipaka ya hifadhi, nikifuata vijia vya ng'ombe na vya wavuvi. Ziwa hili ni pana lakini halina kina. Hata likijaa, mahali penye kina kirefu ni mita tatu na kitu tu. Kiangazi linajivuta nyuma, linaacha tambarare ya matope yaliyokauka yenye ukoko mweupe, nayo matairi huacha juu yake mistari kama ya mtoto aliyepewa chaki. Mbele, heroe walikuwa wamesimama kama utepe wa waridi. Pazuri kweli, siwezi kukana. Lakini hapakuwa na nyumba hata moja kando ya maji. Nyumba zote, mashamba yote, migomba yote na mpunga wote wa Mto wa Mbu viko nyuma, vimejibanza chini ya ukuta wa Bonde, kwa kuwa hapo ndipo vijito vitamu vinapotokea. Hata ule msitu mkubwa wa langoni mwa Hifadhi ya Manyara, wenye mikuyu minene na nyani wengi, hautegemei mvua ya hapo. Unategemea chemchemi zinazobubujika chini ya miamba.

Na chemchemi hizo zinatoka wapi? Zinatoka juu, kwenye nyanda za volkano za Ngorongoro. Misitu ya kule inakamata mawingu yatokayo mashariki, maji yanazama katika mawe yenye matundu, yanasafiri gizani, kisha yanatoka chini ya ukuta. Hiyo ndiyo siri ya nchi yote hii. Kaskazini ya Mto wa Mbu, chini ya ukuta huohuo, yapo magofu ya Engaruka: makinga maji ya mawe, mifereji, na vitalu vya mashamba vilivyoenea kiasi cha hekta 2,000. Wakulima waliishi pale tangu karne ya 15 hadi ya 18, wakigawana maji ya vijito vya mlimani, kisha wakatoweka. Wataalamu wamebishana sana kuhusu jina la watu hao na sababu ya kuondoka kwao. Mimi naliona moja tu lisilo na ubishi: hawakujenga kando ya ziwa.

Siku ya pili nilipanda ukuta. Nikisema nilipanda kwa baiskeli nitakuwa ninadanganya. Nilipanda na baiskeli, nikiisukuma. Ukuta una urefu wa kama mita 600, na barabara ya lami, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, inajikunja juu yake kwa kona baada ya kona. Magari ya watalii yalinipita yakipiga honi. Juu kabisa niligeuka kulitazama ziwa, nikamkumbuka Oscar Baumann.

Baumann alikuwa mwanajiografia wa Austria, mzaliwa wa Vienna. Kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa ilimtuma, akaondoka Tanga Januari 1892 na msafara mkubwa wa wapagazi na askari. Alipita Manyara, akapanda ukuta huu, na tarehe 18 Machi 1892 akawa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameingia katika kreta ya Ngorongoro. Safari ileile ilimwezesha kulitia Eyasi katika ramani za Ulaya. Kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1894, na tangu hapo vitabu vya shule vimetuambia kwamba yeye ndiye "aliyegundua" maziwa haya. Nilipofundisha nililifuta neno hilo na kuandika "aliyaona". Nilijiona nimefanya mapinduzi.

Kumbe jambo kubwa lilikuwa katika yale aliyoyaona huko juu. Sotoka ilikuwa imeingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe. Ndui ikafuata. Baumann aliwakuta Wamasai wa Ngorongoro wakifa njaa. Ameandika juu ya wanawake waliobaki mifupa, morani wasioweza kusimama vizuri, na wazee waliokaa kando ya uzio wa miiba wa kambi yake wakingoja chochote kitakachotupwa, hata ngozi na pembe. Msafara wake ulikuwa na chakula. Wenye nchi hawakuwa nacho. Katika Kiswahili tunatumia neno moja kwa maziwa ya ng'ombe na haya maziwa ya maji, na mwaka ule yote mawili hayakunyweka.

Watu huniuliza, mbona huko ulikwenda peke yako? Yupo mtu aliyefanya makubwa kuliko mimi: Kazimierz Nowak, Mpolandi, ambaye kati ya 1931 na 1936 alivuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini na kurudi, karibu kilomita 40,000, sehemu kubwa kwa baiskeli. Aliishi mwaka mmoja tu baada ya kufika kwao. Husemwa kwamba alisafiri peke yake. Mimi niliyekwenda siku sita tu naweza kusema kwamba msafiri wa peke yake ni mtu anayeomba maji kila siku kwa mtu mwingine.

Karatu nilifikia kwa mzee mmoja Mwiraqw, baba wa rafiki yangu wa zamani. Nilipomwamkia, "Shikamoo, baba," aliitikia, "Marahaba, mwanangu," ingawa mwanawe huyo nami tulikuwa tumeanza kuota mvi. Karatu ina baridi. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi, udongo wake mwekundu, ngano na mahindi na maharage pande zote. Tulikaa jikoni karibu na moto. Nikamwuliza watu wake walifikaje hapo.

Historia yenyewe inajulikana. Katika karne ya 19 Wairaqw waliishi wamebanana katika milima ya Mbulu, sehemu iitwayo Irqwar Da'aw, nao waliogopa kuteremka kwenye malisho mapana kwa sababu ya uvamizi wa Wamasai. Baada ya sotoka nguvu ya Wamasai ilivunjika. Polepole, katika wakati wa Wajerumani na zaidi wakati wa Waingereza, Wairaqw wakasogea kaskazini, wakafika Karatu. Mzee alisema baba yake alikuja akiwa kijana, na kwamba daima alisimulia jinsi walivyoikuta nchi tupu, nyasi hadi kifuani, wanyama tele, watu hakuna.

"Tupu kabisa?" nikauliza.

Akanyamaza, akachokonoa kuni. "Tupu," alisema. "Ila kisima walikikuta."

Nilisubiri. Akaendelea kwamba kisima kilikuwa na mbauti wa udongo wa kunyweshea ng'ombe, umebomoka upande mmoja, na njia ya ng'ombe iliyochimbika hadi magotini, imeota nyasi. Baba yake na wenzake waliutengeneza mbauti ule, wakaanza kunywesha. Hawakuulizana ni wa nani, kwa maana wote walijua.

Sikulala mapema usiku ule. Nilikuwa nimefundisha sura mbili mbalimbali: sura ya sotoka, na sura ya ardhi na hifadhi. Sikuwa nimeziunganisha. Nchi iliyofiwa na mifugo na watu wake iliota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, mbung'o wakawazuia watu kurudi, wanyama wa porini wakaongezeka. Wageni waliofika miaka 15 au 20 baadaye wakaikuta hali hiyo, wakadhani ndivyo Mungu alivyoiumba. Waliona matokeo ya msiba wakayaita asili.

Baiskeli haziruhusiwi kreta, na hilo sina ugomvi nalo, maana simba hawana desturi ya kupisha njia. Niliiacha Karatu nikaingia Ngorongoro kwa gari la kuchangia. Kreta ina upana wa kilomita 19 hivi, na kuta zake zina urefu wa mita 600. Katikati lipo ziwa, Magadi, na jina linajieleza. Lakini angalia watu walikaa wapi. Kabla ya Wamasai walikuwapo Wadatoga, na makaburi ya wakubwa wao yako katika msitu wa Lerai, ambako maji matamu hutiririka kutoka ukutani. Wazee wao wameendelea kuyaheshimu. Wamasai waliwashinda katika karne ya 19, nao wakanywesha palepale, na penye Ngoitokitok, na kwenye kijito cha Munge. Kisha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, wakafuga ng'ombe humo kretani. Mmoja alijenga karibu na Munge, mwenziwe upande wa Lerai. Tawala tatu, lugha tatu, na wote waliweka vyungu vyao mahali palepale.

Yaliyofuata ni mambo ya sheria. Mwaka 1951 Ngorongoro iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1959 ikatengwa kuwa eneo la pekee ambamo wafugaji wangeishi pamoja na wanyama, baada ya Wamasai kukubali kuondoka Serengeti. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote. 1992 kikaruhusiwa kidogo kwa chakula cha nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kikapigwa marufuku tena. Mwaka 1979 UNESCO ililiweka eneo hilo katika Urithi wa Dunia. Mwaka niliopita mimi, watu walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya kuhamishwa. Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimepelekwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari yao. Wengi wa wakazi na watetezi wao wanalipinga neno hilo. Nami sitaki kujifanya hakimu. Idadi ya watu imeongezeka mno tangu 1959, na misitu ile ya juu ikiisha, migomba ya Mto wa Mbu nayo itakwisha. Hayo ni kweli. Lakini ninapoambiwa kwamba pale pamekuwa siku zote mahali pa wanyama, nakumbuka mbauti uliobomoka upande mmoja.

Siku ya nne nilifika njia panda ya Oldeani, nikaingia kushoto. Mlima Oldeani, ambao jina lake kwa Kimasai ni mwanzi, ulisimama kuliani, na miteremko yake ina mashamba ya kahawa yaliyoanzishwa na walowezi, Wajerumani wengi miongoni mwao, kati ya vita viwili vikuu. Baada ya hapo ni kuteremka. Kutoka Karatu hadi Mang'ola ni kama kilomita 50, na wakati ule zilikuwa za mawe matupu. Breki zilinuka. Joto lilipanda kila kilomita, kana kwamba mtu anashuka kwenye chungu. Miiba ya migunga ilinipa pancha tatu kabla ya saa nane. Niliziba mbili kwa viraka, na ya tatu nikaijaza tyubu upepo tu na kuomba dua.

Kosa langu lilikuwa la kipumbavu. Badala ya kuingia Mang'ola kwanza, niliona weupe wa Eyasi ukimeremeta kushoto kwangu, nikasema nitafika ufukoni kwanza, nipumzike kando ya maji. Nikakata porini. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 80 hivi, na kiangazi sehemu kubwa yake ni chumvi kavu na upepo. Nilisafiri saa nzima na ufuko ukawa unasogea mbele yangu. Tairi likaisha upepo. Nikasukuma. Dumu nililiona bado zito, kumbe ni mikono iliyochoka; lilipobaki nusu lita ndipo nilipotazama. Mbele yangu ulikuwapo ukoko mweupe, kisha utelezi wa rangi ya chai. Nilichovya kidole nikaonja. Ilikuwa kama kulamba sabuni.

Hofu niliyoipata hapo ni hofu ya kweli, nami sioni aibu kuieleza. Sauti yangu ilinikauka nikijaribu kusema peke yangu. Niligeuza baiskeli kuelekea mahali palipoonekana mstari wa kijani, nikasukuma bila kusimama, nikihesabu hatua mia mia. Karibu na magharibi nilisikia mlio wa mashine ya maji.

Mkulima aliyekuwa akihamisha maji kwenye majaruba ya vitunguu aliniona kabla sijamwona. Hakunisalimu. Alichukua kopo, akalijaza kutoka mferejini, akanipa, akaniambia, "Kidogo kidogo, mzee." Nilipomaliza kopo la tatu ndipo tulipoamkiana. Yeye alikuwa Mnyaturu wa Singida. Jirani yake alikuwa Mwiraqw, na shamba linalofuata la mtu wa Kilimanjaro. Vitunguu vya Mang'ola vinasafiri hadi Nairobi, na wote walikuwa wamevifuata vitunguu, yaani wote walikuwa wamezifuata chemchemi za Qangded, ambazo nazo ni maji yaleyale ya Ngorongoro yakitokea upande wa pili.

Kesho yake kijana mmoja alinipeleka penye jicho la maji. Maji ni mangavu, mikuyu mikubwa imeyainamia, na mifereji imechongwa kila upande kama vidole. Akanionyesha vilima vilivyo mbali vya rangi ya moshi. "Wahadzabe sasa wako kule," alisema. Nikamwuliza zamani walikuwa wapi. Akatazama chini ya miguu yake, kisha akacheka kwa aibu.

Wahadzabe ni watu elfu moja na kitu tu, wenye lugha isiyo na ndugu anayejulikana. Wanaishi kwa kuwinda, asali, ubuyu na mizizi. Hapo Mang'ola, karibu na ufuko, lipo pango la Mumba ambalo Margit Kohl-Larsen alilichimba miaka ya 1930, na tabaka zake za chini zina umri wa zaidi ya miaka laki moja. Sisemi waliokaa Mumba walikuwa Wahadzabe. Hakuna awezaye kusema hivyo. Nasema binadamu wanaijua chemchemi hii tangu kabla ya majina. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe na kuwafundisha kilimo kule Yaeda Chini. Wengi waliugua, waliobaki wakarudi porini. Kisha mwaka 2011, mwaka mmoja tu kabla ya safari yangu, walipewa hati ya kimila ya ardhi ya pamoja huko Bonde la Yaeda, hekta 20,000 hivi, jambo lisilokuwa la kawaida nchini. Mwaka huohuo wa 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Habari ya ng'ombe niliisikia redioni. Ile ya hati niliisikia kwa yule kijana, palepale penye maji, ambapo hati haikufika.

Tairi lilikuwa limekatika vibaya, halikuzibika tena. Nilipata lori la vitunguu linalokwenda Arusha. Baiskeli ikafungwa juu ya magunia, nami nikakaa juu pamoja na utingo, kijana kutoka Tanga ambaye ilikuwa safari yake ya kwanza upande huu. Tulipita Karatu gizani. Tulipofika ukingoni mwa ukuta mwezi ulikuwa umetoka, na Manyara yote imelala chini yetu, inang'aa.

"Ona maji yote yale," utingo alisema. "Sijui kwa nini watu hawalimi pale pembeni."

Nilianza kumweleza, lakini dereva alishusha gia kuingia kona ya kwanza, injini ikanguruma, na hakunisikia.